Sarkoma siyo "kansa ya tumbo"

Jana kwenye foleni ya benki nimesikia tena, dada mmoja anasema shemeji yake ana kansa ya tumbo, sarkoma, na eti anapewa tu vidonge vya imatinibu, dripu hata moja hajatundikiwa. Nikameza mate, siyo mahali pangu.

Sarkoma ni kansa inayoanzia kwenye nyama zinazoshika mwili, yaani misuli, mafuta, mishipa, hata mfupa. Ile inayoanzia kwenye ngozi au utando wa ndani ya viungo ni karsinoma, nayo ndo imejaa mahospitalini. Karsinoma imetokana na Kigiriki karkinos, kaa, huyu huyu wa baharini, na saratani yetu tumeichukua kwa Waarabu na kwao pia ni kaa. Lakini sarkoma imetokana na sarks, nyama, kwa hiyo bibi yako akisema fulani kaota nyama tumboni, yeye na Mgiriki lao moja.

Shida yangu ni hili neno tumbo, maana kwetu tumbo ni mfuko wa chakula, ni utumbo, ni mimba, na ukiharisha nalo ni tumbo. Ukisema kansa ya tumbo watu wanawaza ile ya utando wa mfuko wa chakula. Sarkoma ya shemeji, kwa hivyo vidonge, nadhani ni ile wanaita GIST, sarkoma inayoota ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula au wa utumbo, chini ya utando, na ndo maana kamera ikishuka inaweza kukuta kauvimbe kamefunikwa vizuri tu, wanakata kinyama cha juu juu, majibu safi, mtu anaenda zake nyumbani. Inabidi CT skani, na kinyama cha ndani kipimwe protini iitwayo KIT, alama ya GIST. Zamani nyingi ziliandikwa kansa ya misuli laini, mpaka 1998 Wajapani walipoonyesha kwamba jeni ya KIT, yaani maagizo ya mwili ya kutengeneza hiyo protini, imeharibika. Kemo ya kawaida ilikuwa haifui dafu. Machi 2000 mgonjwa wa kwanza akapewa imatinibu, dawa inayoizuia hiyo KIT, huko Helsinki, Ufini, uvimbe ukanywea. Ukiwa unatolewa, daktari anautoa mzima, asiupasue, ukipasuka unamwaga mbegu za kansa tumboni.

Kwa hiyo dada wa foleni, useme sarkoma ya ukuta wa mfuko wa chakula, au wa utumbo, muulize ni upi. Na hivyo vidonge vya imatinibu, kwa kawaida miligramu 400 kwa siku, ndo matibabu yenyewe, usimwambie hajaanza.