Seti ya zamani ya kufulia na draya: usiulize kimeharibika nini, uliza kipi bado kinafanya kazi

Haya jamani, leo tuongelee hizi seti za zamani, mashine ya kufulia ya mlango wa juu na draya yake, yaani mashine ya kukausha nguo, zile za kitufe cha kuzungusha kinacholia krrr krrr, maana naona ndugu zetu wengi huku Iowa, Marekani, wanazipata Marketplace ya Facebook au Craigslist kwa bei ya kutupa, mara nyingi mzee fulani kafariki na watoto wanataka nyumba iwe tupu kabla ya mwisho wa mwezi, halafu napigiwa simu, fundi, nichukue au niache?

Na mimi narudisha swali: kipi bado kinafanya kazi? Muuzaji atakwambia "haikamui" au "imekufa tu", hiyo haina msaada, kila mashine mbovu iko hivyo. Lakini ukijua kwamba haikamui ila maji inatoa, tayari umeshajua ugonjwa ukiwa bado umesimama mlangoni kwake. Hizi mashine hazina kompyuta, zina mota moja inayofanya kazi zote, kukoroga, kukamua, kutoa maji, kwahiyo kile kinachofanya kazi kinakuonyesha umeme na nguvu vimefika wapi, na pale vilipokatikia ndo penye tatizo.

Nianze na ile ninayoipendekeza kwa mtu wa kawaida, Whirlpool zisizo na belti. Zilitoka kiwandani Clyde, Ohio kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka kama 2010 hivi, na ni nyingi mno. Hata Kenmore, zilizokuwa zinauzwa kwenye maduka ya Sears, nyingi ni hizo hizo tu zimebadilishwa nembo: fungua mfuniko utafute kibandiko cha namba ya modeli, ikianza na 110 basi hiyo kaitengeneza Whirlpool, na spea zake zinaingiliana. Ndani mota imelala katikati, upande mmoja imeshika pampu ya maji moja kwa moja, upande wa pili imeshika gia boksi kupitia kitu kidogo tunaita kapla, vipande viwili vya plastiki na raba katikati yao. Hiyo kapla imewekwa makusudi iwe dhaifu. Ukijaza mablanketi mpaka mdomoni inavunjika yenyewe ili gia boksi ipone.

Sasa angalia. Mashine inajaa maji, unasikia mota inazunguka vizuri, maji inatoa mpaka tone la mwisho, ila haikorogi wala haikamui: kapla hiyo, spea ya chini ya dola 20, na kazi ya saa moja kwa mtu mwenye bisibisi na spana ndogo. Ikijaa, ikakoroga, halafu ikifika kutoa maji inanyamaza kimya, hata mngurumo hakuna, maji yamesimama, bonyeza ile swichi ya mfuniko kwa kidole, ukisikia tiki ni dalili nzuri, usiposikia huenda ndiyo hiyo swichi, nayo rahisi. Ikinguruma mmm bila kuzunguka kisha inakata yenyewe, mara nyingi kuna soksi ya mtoto imeingia kwenye pampu, na kwa kuwa pampu imeshikana na mota basi soksi moja inafunga kila kitu. Mtu anakuuzia kama mota imeungua, wewe nyamaza tu ulipe.

Kuna moja inawatisha sana wanunuzi. Whirlpool hizi zinatoa maji kwanza tangi likiwa limesimama, halafu mota inazima, kimyaaa, unadhani imekufa, baada ya muda inawaka tena na ndipo tangi linaanza kuzunguka. Ni kawaida kabisa, ule ukimya unaipa gia boksi nafasi ya kushika upande wa kukamua. Msubiri.

Na kama ajiteta ina vipande viwili, yaani ile nguzo ya katikati inayokoroga nguo, shika kipande cha juu uzungushe kwa mkono. Kinatakiwa kwenda upande mmoja tu na kugoma upande wa pili. Kikienda kote kote, basi meno manne madogo ya plastiki ndani yamelika, ni dola chache, na ndo sababu nguo za juu huwa zinabaki juu hazishuki chini kufuliwa.

Kuzifungua ni raha, sijui kwanini watu wanazunguka nyuma na kuanza kufungua skrubu zote. Chomoa umeme, funga maji. Skrubu mbili za kwenye paneli ya juu, ikunje nyuma, chomoa plagi ya swichi ya mfuniko, kuna klipu mbili za rangi ya shaba, zing'oe kwa bisibisi, halafu vuta boksi lote la bati kuja kwako. Mashine inabaki uchi mbele yako, pampu kwa mbele imeshikwa na klipu mbili, mota nyuma yake. Waliochora hii kitu walikuwa wanawafikiria mafundi, siku hizi naona wanawafikiria watu wa matangazo.

Vya kukimbia sasa. Weka ispini mpaka mwendo wa mwisho usikilize: ikivuma kama ndege inayotaka kuruka, beringi za tangi zimekwisha, na hata ukipewa bure muachie mwenyewe. Piga magoti umulike chini kwa tochi ya simu: maji yanayodondokea katikati kabisa chini ya tangi ni sili kubwa, kazi ndefu isiyolipa, ila yakidondokea mbele upande wa pampu usihofu. Mafuta meusi mengi chini, gia boksi inavuja, mimi naacha. Pitisha kidole chini ya ukingo wa tangi la ndani, kutu pale itachafua mashuka yako meupe daima. Na huku kwetu kwenye baridi kali uliza hivi: ilikuwa imekaa wapi? Kama imelala gereji isiyo na hita msimu mzima wa baridi, maji yaliyobaki kwenye pampu na kwenye vali ya kuingizia yaliganda, na barafu inapasua plastiki. Mashine itawaka vizuri kabisa bila maji, itakuvujia ukishafika nyumbani. Kwahiyo hakuna kununua ambayo haijajazwa maji mbele yako, au basi hesabu bei yake kama ni mbovu.

Maytag. Hapa ntaongea kidogo kwa mapenzi, maana mji wa Newton ulipokuwa makao yao ni kama kilomita 50 tu mashariki ya Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Kampuni ilianza 1893 ikitengeneza vifaa vya mashine za kupura nafaka, mashine ya kufulia ya kwanza ikatoka 1907, na kuanzia 1967 tangazo lao lilikuwa la fundi mpweke anayekaa ofisini hana kazi kwa sababu mashine zao haziharibiki. Whirlpool waliinunua 2006 na mwaka uliofuata kiwanda cha Newton kikafungwa. Kwahiyo ukiona Maytag mpya dukani leo, jina tu hilo. Za kweli ni zile nzito, zile walizoziita Dependable Care, na mpaka leo bado nazikuta besimenti za watu huku zinachapa kazi.

Hizo zinatumia belti, na mota yake imekaa kwenye kitoroli kinachoteleza kwa springi. Belti imelegea, ndiyo, imelegea makusudi, inatakiwa iteleze kidogo wakati tangi zito limejaa maji linaanza kuzunguka, yaani belti yenyewe ndo klachi. Maana Maytag haisubiri maji yaishe kama mwenzake, inakamua na kutoa maji kwa pamoja. Sasa anakuja fundi wa haraka, anaona belti imelegea, anaenda duka la spea za magari ananunua inayofanana anaikaza, mota inaungua. Belti ya Maytag ni ya Maytag. Ikianza kukamua kwa uvivu, kwanza safisha zile roli za kitoroli uzipake grisi kidogo, kabla hujatoa hela yoyote. Na ikigugumia na kutikisika, chini ya tangi kuna pedi zimekauka, zinahitaji grisi yake maalum. Cha kuogopa ni ile sili ya shimoni katikati ya tangi, ikipitisha maji yanaingia kwenye gia boksi na kuchanganyika na mafuta, na hapo hata mimi nanyoosha mikono. Spea za Maytag pia zinazidi kuwa adimu, kwa hiyo ni mashine ya mtu mwenye moyo, mama mwenye watoto sita anayehitaji kufua leo jioni mwache achukue Whirlpool.

Draya ni hadithi nyepesi zaidi, na msimamo wangu ni huu: draya ya zamani ya umeme nanunua hata ikiwa imekufa kabisa, kwa sababu ndani hakuna kitu cha kutisha, mota, belti, feni, hita na swichi za joto. Swali ni lile lile. Pipa linazunguka lakini nguo zinatoka baridi? Usifungue kitu, nenda kwanza kwenye boksi la breka, zile swichi zinazokata umeme zenyewe. Draya ya umeme inakula volti 240 kutoka kwenye laivu mbili, yaani waya mbili zenye umeme, lakini mota inatumia laivu moja tu na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, volti 120. Breka ya upande mmoja ikianguka, pipa litazunguka mpaka kesho bila joto. Nimeona watu wanatupa draya nzima kwa sababu ya breka, na jirani akaiokota. Umeme ukiwa sawa, basi pima hita kwa mita kama waya wake umekatika.

Mota inavuma ila pipa halizunguki, sukuma pipa kwa mkono: likienda laini bila upinzani wowote, belti imekatika. Inalia nyi nyi nyi, ni roli au puli ya kukazia belti. Ukibonyeza start kimya, mlango umefunga vizuri na umeme upo, kwenye Whirlpool na Kenmore nyingi ni fyuzi ndogo ya joto iliyokaa kwenye kasha la feni. Dola chache. Lakini hapa nisikilize vizuri: hiyo fyuzi haifi bila sababu. Imekata kwa kuwa hewa ya moto haikutoka, bomba la kutolea hewa limejaa yale manyoya ya nguo, na kutosafisha ndo chanzo kikuu cha moto wa draya hapa Marekani. Kuna mafundi wanaunganisha waya moja kwa moja kuiruka fyuzi, mteja anafurahi, mimi siwezi kulala. Toa bomba lote, ondoa lile la plastiki au la foili linalokunjamana, weka la bati gumu la inchi 4, fupi iwezekanavyo, ndipo ubadili fyuzi. Draya ya gesi mwite fundi mwenye leseni.

Halafu plagi. Nyumba za zamani zina soketi ya tundu tatu, zilizojengwa baada ya kanuni za umeme za 1996 zina tundu nne, na draya yako ya zamani itakuja na waya wa tatu. Usinunue adapta. Badili waya wenyewe, na ukiweka wa nne lazima uondoe kile kiunganishi kinachofunga nyutro na bodi ya mashine, kisha ethi, ule waya wa usalama, ndiyo ishike bodi. Ukikiacha, nyutro ikikatika siku moja bodi nzima inakuwa na umeme, na mkono wako uko kwenye bodi hiyo ukitoa nguo mbichi.

Mnaotaka kupakia kwenye kontena kwenda Dar au Mombasa, najua mko wengi, na najua mtaniambia transfoma ipo. Transfoma inashusha volti, haibadilishi mzunguko wa umeme. Huku ni 60Hz, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, nyumbani ni 50Hz. Mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, nguo zitatoka na maji, mota itapata joto kuliko ilivyopangiwa, na hata taima ina kimota chake kinachofuata mzunguko huo huo, kwahiyo kazi ya dakika 30 itakuwa 36. Bado hujaongeza kwamba mashine hizi za zamani zinaweza kula lita 150 kwa mzigo mmoja, na wewe kwako maji yanatoka mara mbili kwa wiki na unajaza simtanki. Uza hiyo seti huku huku, nyumbani nunua used iliyotoka Uingereza au Dubai, hiyo unachomeka tu ukutani.