Je, wajua mbwa akitafuna kangaga la barazani inakuwaje?

Kiangazi cha Dodoma kikikolea, mbwa huhamia barazani kutafuta kivuli, na huko ndiko kangaga linakoning'inia kwenye chungu chake. Mmea huu hupenda unyevu. Hewa yetu kavu inaukausha, majani yanapukutika sakafuni. Jioni moja hapa Ilazo nilikuta mbwa wangu, bado mdogo wa miezi minne, anayatafuna, vijani vimemganda puani. Nilishtuka kweli.

Kama ni kangaga halisi, lile la Boston tunalolipenda majumbani (jina lake la kisayansi ni Nephrolepis exaltata), halina sumu kwa mbwa. Akila mengi anaweza kutapika kidogo, kama afanyavyo akila nyasi, basi. La kuangalia zaidi ni dawa ya wadudu au mbolea uliyoliwekea.

Tatizo ni mimea inayofanana nalo. Upo ule laini kama manyoya ambao wapambaji huuchomeka pembeni ya mawaridi kwenye shada. Hata jina lake la Kiingereza huuita kangaga, kumbe ni wa jamii ya asparaga. Una kemikali zinazochubua tumbo, na vitunda vyake ndivyo vibaya zaidi: mbwa akivila hutapika na kuhara, na akijisugua kwenye mmea huo mara kwa mara ngozi humwasha. Halafu kuna sikasi, Cycas revoluta, yenye kisiki kifupi na majani magumu yenye ncha kali, yaliyopangika kama kuti. Huyo ndiye muuaji. Sehemu zake zote zina sumu inayoharibu ini, na mbegu moja au mbili tu zinaweza kumuua mbwa.

Ukitaka kutofautisha, ligeuze jani. Kangaga halizai ua, tunda wala mbegu. Huzaliana kwa vumbi laini linalokaa kwenye vidoa vya kahawia chini ya majani. Kwa lile la Boston vidoa hivyo hujipanga safu mbili karibu na kingo za kila kijani, kiasi kwamba wengi hudhani ni wadudu, wanaanza kuvikwangua. Tazama pia jani jipya: huchipuka limejikunja kama jongoo aliyeguswa. Ukiona ua au kitunda, hilo si kangaga.

Mbwa akishakula usichokijua, kata kipande cha mmea uende nacho kwa daktari wa mifugo. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Maziwa hayaondoi sumu. Na kama ni sikasi, nenda saa hiyohiyo hata akionekana mzima, kwa sababu dalili za ini huweza kuchelewa siku mbili tatu.

Jioni ile nililimulika jani kwa tochi ya simu. Vidoa vilikuwepo, safu mbili. Mbwa alikuwa ameshalala.