Mchezo wa kwa posta ni nini?

Mchezo wa kwa posta ni mchezo wa ubao unaochezwa na watu wasiokutana. Kila mmoja ana ubao wake nyumbani. Anaamua hatua yake, anaiandika, anaitia kwenye bahasha, kisha anasubiri. Jibu likifika anazisogeza kete za pande zote na kuanza kufikiri upya. Siku hizi barua pepe na tovuti zimechukua nafasi ya bahasha, lakini dhana ni ile ile: zamu moja huchukua siku au wiki, na katikati ya zamu mchezaji anaendelea na maisha yake.

Sataranji ndiyo iliyotangulia. Kati ya 1824 na 1828 klabu za London na Edinburgh zilipambana kwa barua, Edinburgh ikashinda, na ufunguzi uliopata sifa katika pambano hilo mpaka leo unaitwa wa Kiskoti. Baadaye wachezaji wa nchi mbalimbali walikubaliana kuandika hatua kwa tarakimu tupu, ili Mrusi na Mhispania wasibabaishwe na majina ya kete katika lugha za wenzao. Kete inayotoka safu ya tano, mstari wa pili, kwenda mstari wa nne huandikwa 5254. Kadi moja ya posta inatosha. Muda, hata hivyo, ulikuwa mrefu kweli: fainali ya Olimpiadi ya kumi ya sataranji ya kwa barua ilianza 1987 ikamalizika 1995. Dhahabu ilikwenda kwa Umoja wa Kisovieti na shaba kwa Ujerumani Mashariki, nchi ambazo kufikia mwaka huo zote mbili zilikuwa zimekwisha kufutika kwenye ramani.

Sataranji ina unafuu mmoja mkubwa: haina bahati wala siri. Michezo ya vita ina vyote viwili. Nani atarusha dadu, na mwenzake aliye maili elfu moja mbali atamwaminije? Kampuni ya Avalon Hill ya Baltimore, Marekani, iliyouza michezo hiyo kwa wingi katika miaka ya 1960, ilitumia soko la hisa. Mchezaji alitaja kampuni fulani na tarehe ambayo bado haijafika. Siku hiyo ikipita, kila upande ulifungua gazeti, ukaangalia tarakimu ya mwisho ya mauzo ya hisa hizo, na tarakimu hiyo ndiyo iliyokuwa dadu. Hakuna aliyeweza kuichezea, na gharama yake ilikuwa bei ya gazeti.

Siri ilikuwa ngumu zaidi, na ndiyo iliyozaa jumuiya za wachezaji wa kwa posta. Mwaka 1959 Allan Calhamer, Mmarekani, alitoa mchezo wake uitwao Diplomacy. Watu saba wanashika dola saba za Ulaya ya 1901: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi na Uturuki. Ramani ina vituo 34 vya kuteka, na mwenye kufikisha 18 ameshinda. Hakuna dadu. Kabla ya kila zamu wachezaji wananong'onezana, wanaahidiana, wanapanga njama. Kisha kila mmoja anaandika maagizo yake kwa siri na yote yanafunguliwa kwa pamoja. Hapo ndipo unapojua nani alikuwa rafiki.

Kukusanya watu saba kwa mchana mzima ni kazi. Mwaka 1963 John Boardman, mwalimu wa fizikia wa Brooklyn, alianza kuuendesha kwa posta kupitia jarida dogo aliloliita Graustark. Wachezaji walimtumia yeye maagizo yao. Tarehe ya mwisho ikifika, alipatanisha maagizo yote, akachapa matokeo na kuyasambaza. Kwa kufanya hivyo alianzisha nafasi ya msimamizi, mtu wa tatu asiye na upande, na kwa maoni yangu huyo ndiye mhimili wa jambo zima kuliko hata posta yenyewe. Michezo ilipozidi kuwa mingi kila mmoja ulipewa namba ya mwaka na herufi. Ule wa kwanza ni 1963A, na namba hizo zinaitwa namba za Boardman.

Sheria nyingine zilitokana na matatizo ya kila siku. Ambaye maagizo yake hayakufika, majeshi yake yalisimama pale pale yalipokuwa. Akizidi kunyamaza, nafasi yake ilichukuliwa na mchezaji wa akiba aliyekuwa anangoja. Ikiwa zamu ni ya mwezi mmoja na kila mwaka wa mchezo una zamu mbili, kutoka 1901 hadi mwisho wa 1910 ni miezi 20. Miezi 20 ya kumwandikia mtu barua, kumbembeleza, kumdanganya na kumsamehe! Kwangu mimi utamu wote uko hapa. Mezani njama hupikwa kwa dakika 15. Kwa posta mtu alikuwa na wiki nzima ya kuipima ahadi, kuisoma barua mara ya tatu na kugundua neno lililokwepwa. Majarida nayo yalichapa vituko, mabishano na taarifa za vita vya kubuni walizotunga wachezaji, hata wengine wakayasoma bila kucheza. Uingereza ilipata la kwake, Albion la Don Turnbull, mwaka 1969.

Kompyuta iliingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1970 Rick Loomis, wakati huo mwanajeshi wa Marekani huko Hawaii, alianzisha mchezo wa posta uitwao Nuclear Destruction, na kampuni yake, Flying Buffalo, ikaja kutumia kompyuta kukokotoa matokeo ya zamu ambazo wachezaji walizilipia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ken Lowe aliandika programu iliyopokea maagizo ya Diplomacy kwa barua pepe, ikayahakiki na kurudisha matokeo bila msimamizi kugusa kitu. Programu hiyo iliweza pia kupitisha ujumbe bila kumtaja mwandishi, na ikarahisisha michezo ambayo hakuna anayemjua mwenzake wala kuruhusiwa kumwandikia.

Kilichopungua ni gharama ya kuondoka. Aliyelipia jarida, stempu na bahasha kwa miezi mingi hakuacha mchezo kirahisi. Asiyelipa chochote hutoweka siku ya kwanza majeshi yake yanaposhindwa. Ndiyo maana tovuti kama webDiplomacy humpa kila mchezaji alama ya uaminifu inayoshuka anapokosa zamu, na anayeanzisha mchezo anaweza kuwazuia wenye alama ndogo wasiingie.