Uwiano wa ushindani, na kwa nini pete hazilingani

Ubishi wa nani bora kuliko wote katika mpira wa kikapu haumalizi dakika mbili kabla mtu hajaleta hesabu ya pete, zile anazovishwa kila mchezaji wa timu iliyotwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Michael Jordan anazo 6, LeBron James 4. Akitajwa Bill Russell, nyota wa Boston Celtics wa miaka ya 1950 na 1960 mwenye 11, wengi hujitetea kwamba enzi zake ligi ilikuwa rahisi. Utetezi huo una ukweli nusu, na kuelewa ni nusu ipi kunahitaji dhana ambayo wachumi wa michezo wanaichambua tangu miaka ya 1950: uwiano wa ushindani.

Uwiano wa ushindani ni jinsi nguvu zilivyogawanyika kati ya timu za ligi moja. Ukiwa juu, matokeo hayatabiriki: kibonde anaweza kumsumbua kigogo, na bingwa wa mwaka huu hana uhakika wa mwaka ujao. Ukiwa chini, msimu unaanza huku kila mtu akijua kombe linakwenda wapi, na kuna timu zimekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila anayepita anajifunzia kunyoa.

Mwaka 1956 mchumi Mmarekani Simon Rottenberg, akiandika kuhusu soko la wachezaji wa besiboli, alieleza kwamba mashabiki wanavutwa na mashaka ya matokeo. Mwenzake Walter Neale akaongeza mwaka 1964 kwamba biashara ya michezo ni ya ajabu. Mwenye kiwanda hufurahi mshindani wake akifilisika, lakini bondia bingwa asiye na mpinzani wa maana hana pambano la kuuza. Mfano wake ulikuwa mabondia Joe Louis na Max Schmeling.

Sasa tuupime uwiano huo. Njia inayojulikana zaidi, inayohusishwa na wachumi Roger Noll na Gerald Scully, inaanza na ligi ya kufikirika ambayo timu zote ni sawa kabisa na kila mechi inaamuliwa kwa kurusha sarafu. Katika mechi 82 za msimu wa NBA, kila timu ingetarajiwa kushinda 41. Bahati ingewatawanya kidogo, ila karibu theluthi mbili ya timu, yaani kama 20 kati ya 30, zingemaliza zikiwa na ushindi kati ya 37 na 45. Kisha unaangalia ligi halisi imeachana kiasi gani na hiyo ya sarafu.

Chukua msimu wa 2023/24. Boston Celtics walishinda mechi 64. Detroit Pistons walishinda 14, na katikati ya msimu walipoteza 28 mfululizo. Timu zilizoangukia ndani ya ile 37 hadi 45 zilikuwa mbili tu: Houston Rockets waliokuwa na 41 na Chicago Bulls waliokuwa na 39. Mbili badala ya 20! Wengine wote walikuwa juu ya hapo au chini yake.

Kikapu kina tabia hiyo kwa maumbile yake. Uwanjani wapo watano tu kila upande, na nyota anaweza kucheza dakika 36 au zaidi kati ya 48, kwa hiyo mtu mmoja ana uzito ambao hakuna mshambuliaji wa soka atakayewahi kuwa nao. Kila timu inashambulia takribani mara 100 kwa mechi, na bahati haina nafasi ya kujificha ndani ya majaribio mengi hivyo. Katika soka, kosa moja la kipa linaweza kuamua mechi ya bao 1-0. Halafu kuna mfumo wa mchujo wa mechi saba, ambapo timu mbili hukutana tena na tena hadi moja ishinde mechi nne, nao ni mkatili kwa wanyonge: timu yenye uwezekano wa asilimia 60 kushinda mechi moja inafikia takribani asilimia 71 ya kushinda mfululizo mzima. Ikiwa na asilimia 70 kwa mechi, inafika 87. Mimi huwa nacheka nikisikia timu dhaifu "imeshindwa kujituma" katika mchujo. Hesabu tu zimewaelemea.

Mtawanyiko wa timu ndani ya msimu mmoja, hata hivyo, ni sura moja ya uwiano. Sura ya pili inatazama miaka: je, ubingwa unazunguka au unakaa nyumba moja? Sura hizi mbili haziendi pamoja siku zote. Kuanzia 2019 hadi 2025 NBA ilipata mabingwa saba tofauti mfululizo: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston na Oklahoma City. Haijawahi kutokea kabla ya hapo. Na ule msimu wa Detroit kupoteza 28 umo ndani ya kipindi hichohicho. Kileleni pamechangamka, mkiani bado ni msiba.

Wenye ligi hawaachi mambo yajiendee. Tangu msimu wa 1984/85 kuna ukomo wa mishahara, ulioanza kwa dola milioni 3.6 kwa timu. Wachezaji wapya hugawanywa kwa zamu, na timu mbovu hutangulizwa. Hilo lilizaa ujanja wa kupoteza makusudi, ndiyo maana droo ya kura ikaletwa mwaka 1985, na kuanzia 2019 timu tatu za mwisho zikabaki na nafasi asilimia 14 kila moja ya kupata chaguo la kwanza. Mwaka 2025 Dallas waliibuka nalo wakiwa na asilimia 1.8 tu. Kanuni hizi pia huteleza: mwaka 2016 ukomo wa mishahara uliruka kutoka dola milioni 70 hadi 94 kwa mkupuo, Golden State waliokuwa wametoka kushinda mechi 73 wakapata nafasi ya kumsajili nyota Kevin Durant, na mataji ya 2017 na 2018 yakaenda kwao. Mkataba wa 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji ukaweka vizuizi vikali zaidi kwa timu zinazovuka viwango vya juu vya matumizi.

Turudi kwa Russell. Alipoanza kuchukua mataji mwaka 1957, ligi ilikuwa na timu 8. Kama ubingwa ungegawiwa kwa bahati tupu, timu moja katika misimu 13 ingetarajia taji moja na nusu hivi. Katika ligi ya timu 30, misimu 13 hiyohiyo inakupa matarajio ya chini ya nusu taji. Boston pia, kwa kuwa walikuwa wakiongoza kanda yao, kwa misimu mingi walihitaji kushinda mifululizo miwili tu hadi ubingwa, wakati leo ni minne. Na mchezaji hakuwa na haki ya kuondoka: hadi kesi iliyobeba jina la Oscar Robertson ilipomalizwa kwa makubaliano mwaka 1976, klabu ilimshikilia mtu hata mkataba ukiisha. Kikosi kizuri kilikaa pamoja mpaka kizeeke.

Huo ndio ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba timu 8 maana yake wachezaji wasiofika hata 100 katika ligi nzima. Hakukuwa na timu ya kupumzikia. Wilt Chamberlain, aliyepachika pointi 100 katika mechi moja mwaka 1962, alikuwa akikutana na Russell tena na tena kila msimu. Kwa hiyo njia ilikuwa fupi, lakini haikuwa laini. Anayesema Russell aliokota mataji hajaitazama orodha ya waliokuwa upande wa pili.

Kwangu mimi, mtu anayeonyesha jambo hili vizuri kuliko wote ni Kareem Abdul-Jabbar. Katika miaka ya 1970 alichukua tuzo ya Mchezaji Bora wa Msimu mara tano: 1971, 1972, 1974, 1976 na 1977. Pete alipata moja, ya 1971 akiwa na Milwaukee. Alizembea? La. Ligi ilikuwa imetanuka kutoka timu 9 mwaka 1966 hadi 17 mwaka 1970, na ABA, ligi shindani iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa ikiwavuta nyota kama Julius Erving. Vipaji vikasambaa, na muongo huo ukatoa mabingwa 8 tofauti. Muongo uliofuata ulikuwa na mabingwa wanne tu: Lakers, Celtics, Philadelphia na Detroit. Kareem, akiwa na miaka zaidi ya 30 na akicheza pamoja na Magic Johnson katika Lakers, akaongeza pete tano. Alikuwa mchezaji bora zaidi alipokuwa na pete moja kuliko alipofikisha sita.

Kwa Jordan, wapinzani wake hupenda kutaja kutanuka kwa ligi: timu 23 zilikuwa 27 kufikia 1989, kisha 29 mwaka 1995, na Bulls, timu yake, wakashinda mechi 72 katika msimu wa 1995/96. Ni kweli kwamba timu mpya huongeza vibonde na kupandisha idadi ya ushindi wa wakubwa. Ila kuongeza timu hakumpi mtu fainali sita bila kupoteza hata moja. Hoja hiyo inapunguza uzito wa ile 72, haigusi sana ile 6.

LeBron ana mzigo tofauti. Alicheza katika zama ambazo nyota wanaweza kuhama na kukusanyana, naye alifanya hivyo mwaka 2010 alipokwenda Miami, kisha mwaka 2017 na 2018 akapigwa fainali na timu ya Golden State yenye Durant. Uhuru uleule ulimpa na ukamnyang'anya.

Na wa sasa? Nikola Jokić wa Denver ana tuzo tatu za Mchezaji Bora, 2021, 2022 na 2024, na pete moja ya 2023. Hesabu yake inafanana sana na ya Kareem alipoondoka Milwaukee mwaka 1975: tuzo tatu, pete moja. Tofauti ni kwamba Kareem aliletewa Magic, na kwa sheria za mishahara zilizopo leo, Denver wana kazi kubwa ya kumpata Magic wao na kumlipa.