Elementi ya moto maana yake nini, na kwanini kwenye hadithi moto huwa unaibwa

Ukiambiwa nyota yako ni ya moto, yani wewe ni Punda, Simba au Mshale, anayekutabiria hachelewi kuongeza kwamba u mkali, una haraka, unapenda kuongoza na hasira zako ziko karibu. Wengi wanaishia hapo wakidhani ni mambo ya wanajimu wa magazetini tu. Ila huo mgawanyo wa vitu vyote katika elementi nne, yani moto, maji, upepo na udongo, umesafiri sana, ulianzia kwa Wagiriki, Waarabu wakauchukua wakautumia kwenye tiba na falaki, ndo ukatufikia na sisi huku pwani.

Aliyeupanga hivyo ni Empedocles, Mgiriki wa kisiwa cha Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo. Kwake kila kitu ni mchanganyiko wa mizizi minne, upendo unaiunganisha na ugomvi unaitenganisha. (Kuna stori kwamba mwisho wake alijitupa kwenye volkano ya Etna ili watu wamdhanie kawa mungu, mlima ukatema kiatu chake cha shaba, akaumbuka.) Baadae mwanafalsafa Mgiriki Aristotle akasema moto ni joto pamoja na ukavu, na tabia yake ni kupanda juu. Hilo la kupanda lishike, maana ndo asili ya ile pembetatu yenye ncha juu ambayo wanaalkemia, wale wa zamani waliojaribu kugeuza madini kuwa dhahabu, waliitumia kama alama ya moto, na hata kwenye Quran Iblis anapogoma kumsujudia Adam hoja yake ni hiyohiyo, mimi umeniumba kwa moto na huyu kwa udongo. Kimoja kinapanda, kingine kinakanyagwa. Kiburi, cheo, ghadhabu, vyote vikaangukia upande wa moto.

Sasa mi naona kuna kitu wachambuzi wengi wanakipita haraka. Maji unayachota, udongo umekaa hapo chini, upepo unakufuata hata ukilala. Moto peke yake lazima uulishe na uuchunge, ukijisahau tu moto unazima. Moto una mwenyewe. Zamani kabla kiberiti hakijazoeleka mtoto alitumwa kwa jirani na kigae akapalie moto, na alitakiwa arudi mbio makaa yasije yakazima, ndo mana mgeni anayekataa kukaa anaulizwa vipi, umekuja kupalia moto? Kitu chenye mwenyewe ama unakiomba ama unakiiba, na hadithi nyingi zimechagua kuiba.

Prometheus wa hadithi za Wagiriki ndo mwizi maarufu. Zeus, mfalme wa miungu yao, kawanyima binadamu moto, jamaa kaenda kuuiba akauficha ndani ya bua. Nilivyosoma mara ya kwanza nilijiuliza bua si litaungua? Kumbe mmea wenyewe ndani una kitu laini kikavu kinachofukuta taratibu huku ganda la nje likibaki zima, kama kumbi la nazi linavyoweza kufukuta usiku kucha bila kutoa ulimi wa moto. Adhabu yake mnaijua, akafungwa kwenye mwamba, tai anamla ini kila siku na usiku linaota tena. Kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, ni Maui, yeye alimlaghai bibi Mahuika aliyeuweka moto kwenye kucha zake, akawa anaomba ukucha mmoja mmoja anaenda kuuzima anarudi na uongo mwingine. Hadithi ya mtu kuiba udongo mi sijawahi kuisikia.

Kwenye sanaa kuna picha moja naipenda kuliko zote, ya Giuseppe Arcimboldo, Mtaliano, kachora mwaka 1566, iko Vienna. Ni kichwa cha mtu kimeangalia pembeni, ila ukisogea karibu hamna nyama hata kidogo. Nywele ni magogo yanayowaka, paji la uso ni utambi mrefu umeviringishwa, chuma cha kupigia cheche nacho kimo, na kifuani kuna mizinga na bastola. Halafu shingoni kavishwa mkufu wa heshima wa watawala wa ukoo wa Habsburg. Angalia alivyofanya, hakuchora moto mtupu, kachora vitu vya kuushikia. Anayevimiliki vyote hivyo ndo mfalme, na ile mizinga inakuambia atakufanya nini ukibisha.

Upande wa pili ni kuulinda. Roma ya kale walikuwepo mabikira wa Vesta, mungu wa kike wa moto wa jikoni, kazi yao moto usizime, ukizima zamu yako unachapwa viboko. Maparsi nao, wale wa dini ya Zoroasta ambao familia ya mwimbaji Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 ilitokana nao, wanautunza moto hekaluni na watu wanawaita waabudu moto, wakati kwao ni alama ya usafi na mwanga wa Mungu, wanauelekea wakisali. Na Mwenge wa Uhuru, uliopandishwa Kilimanjaro Desemba 1961, uko hapahapa, moto wa kupokezana mkoa kwa mkoa.

Halafu kuna moto unaowashwa makusudi ili kitu kiishe. Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, mwezi Julai wanajenga kibanda cha makuti, mtu anaingia ndani, kinachomwa na yeye anachomoka mbio, mwaka wa zamani ndo umeungua hivyo. Mwaka huo asili yake ni ya Kiajemi, na Iran penyewe jioni kabla ya Jumatano ya mwisho ya mwaka wao watu wanaruka juu ya moto huku wakiuambia, umanjano wangu uchukue wewe, wekundu wako nipe mimi, yani unyonge uende na nguvu zije.