"Weka Foji Niisahau Injini": Dhana Ninazozisikia Gerejini Nakuru

Mteja analeta Subaru Impreza au Forester ya turbo ikivutwa kwa kamba, injini imenoki (beringi zimelika), na hata sampu, bakuli la oili chini ya injini, hatujafungua ananiambia: "Fundi, safari hii weka foji, niisahau kabisa hiyo injini." Foji ni spea za metali iliyofuliwa badala ya kumiminwa. Kauli hiyo nimeisikia kwa wenye injini ya EJ20 ya Subaru, wenye 4G63 ya Evolution, wenye 1JZ ndani ya Mark II. Inanikera kwa sababu inawala watu pesa nyingi, halafu gari linarudi kabla mwaka haujaisha na mwenyewe ameshaamini kwamba aliuziwa spea feki.

Dhana: ukishaweka pistoni na konrodi za foji, injini haifi

Foji huipa injini uwezo wa kubeba kipigo kizito zaidi. Haiipi miaka. Pistoni ya kiwandani iliyomiminwa hupasuka ukingo ulio kati ya ringi pale petroli inapolipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Ya foji huvumilia zaidi, lakini mlipuko haujakoma. Kipigo kinahamia kwenye beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), kinahamia kwenye gasketi ya hedi, na mwisho kinairudia pistoni yenyewe.

Injini ya namna hiyo ikifika mezani naanza na plagi. Kwenye kauri nyeupe inayozunguka ncha kuna vidoa vinavyong'aa, vidogo kama punje za chumvi: hiyo ni alumini ya pistoni. Nikitoa hedi nakuta ukingo wa juu wa pistoni umechimbikachimbika. Nikifungua konrodi, nusu ya juu ya beringi imelika hadi shaba inaonekana, na nusu ya chini bado ina rangi yake. Pistoni ni halali kabisa. Kilichoua injini ni tuni, yaani mpangilio wa kompyuta ya injini: busti (hewa inayosukumwa na turbo) ilipandishwa, petroli haikuongezwa ya kutosha, na cheche ikaachwa mbele, iwake mapema kupita kiasi.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wa spea hawalitaji. Pistoni nyingi za foji hutengenezwa kwa alumini iitwayo 2618, ambayo karibu haina silikoni, kwa hiyo hutanuka sana ikipata joto. Lazima tuiachie nafasi kubwa ndani ya silinda, mara nyingi zaidi ya mara mbili ya ile ya kiwandani. Asubuhi ya baridi ya hapa Nakuru utaisikia ikigongagonga ukutani mpaka ipate joto, na itakunywa oili kidogo. Hiyo ni tabia yake. Ila mtu aliyezoea kuangalia oili siku ya sevisi tu atapita Mau Summit na sampu iliyopungua, pampu ivute hewa kwenye kona ndefu, na beringi zikauke. Ndiyo maana nasema, bila kuona haya, kwamba injini ya foji inahitaji mwenye nidhamu kuliko injini ya kiwandani. Kipimo cha oili kichomolewe kila unapojaza tangi.

Sasa tuje kwenye tuni, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo wa kilopaskali 81 hivi. Kisumu iko karibu mita 1,130, na hewa yake inafika 88. Mombasa ni 101. Gari linalotegemea springi ya wesigeti (valvu inayopitisha moshi kando ya turbo) au kidhibiti cha mkono hupima busti kwa kulinganisha na hewa ya nje. Saa ya busti itaonyesha psi (kipimo cha mgandamizo) 15 hapa na psi 15 Kisumu, lakini ndani ya silinda za Kisumu kumeingia psi moja zaidi. Ukifika Mombasa zimekuwa karibu tatu. Hewa hiyo ya ziada inadai petroli zaidi na cheche iliyorudi nyuma kidogo, na kompyuta ya injini inaanza kusoma sehemu ya ramani (jedwali lake la petroli na cheche) ambayo aliyetuni hapa Nakuru hakuwahi kuigusa. Ongeza joto la tambarare ya Ahero, karibu na Kisumu, saa nane mchana. Wateja hunipigia simu kutoka huko wakiniuliza kwa nini gari lililokuwa salama nyumbani limeanza kugongagonga likikanyagwa. Mimi tuni ya mteja anayekwenda Kisumu naiachia akiba, na anayekwenda Pwani namwambia apunguze busti kabla ya safari. Wengi wanakataa kwa sababu wamelipia nguvu.

Petroli nayo ina sehemu yake. EJ207, ambayo ni EJ20 ya turbo, na 4G63 zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo pampuni huwa ya oktani (ukinzani wa kulipuka yenyewe) 98 hadi 100. Super tunayojaza hapa iko chini ya hapo. Ukinakili ramani ya Mjapani ukaitia kwenye gari lako, umeanza na deni.

Halafu mtu ananiuliza mbona magari ya Safari Rally yanapigwa hapo Naivasha na hayafi. Yanakufa, kila mwaka tangu mashindano ya dunia yarudi Kenya 2021 tumeona yakisimama kando ya njia. Na yale yanayomaliza yana mafundi wanaoyahudumia kati ya makundi ya hatua, na injini zake hufunguliwa kwa ratiba, ziwe zinaumwa au haziumwi. Pia zinapumulia tundu dogo: gari la Rally2, daraja mojawapo la magari ya rali, hewa yake yote ya turbo hupita kwenye kizuizi cha milimita 32. Nguvu imefungwa kwa kanuni ili vyuma visipite mipaka. Wewe unataka nguvu zaidi ya hiyo, bila kizuizi, na sevisi kila kilomita 10,000.

Dhana: gharama ni ya pistoni na konrodi, mengine ni ufundi tu

Mteja huja na bei aliyoiona mtandaoni, ameshaiweka kwenye bajeti, na ameniachia mimi kitu kidogo cha mkono. Kwa wengi ninaowafanyia kazi, kile kisanduku cha pistoni na konrodi hakifiki nusu ya bili. Kuna kuchonga silinda huku bloku imefungwa sahani nzito, ili ikae kama ilivyobanwa na hedi. Kuna kusawazisha krenki, kupanga uso wa hedi, gasketi za chuma, stadi, pampu ya oili, beli ya taimingi na rola zake, pampu ya petroli, injekta, klachi, na tuni yenyewe.

Na kuna kimoja ambacho watu hubishana nami kila mara: kipozaoili. Injini iliyonoki husaga beringi kuwa unga, na unga huo hujificha kwenye kipozaoili na mabomba ya turbo. Hautoki kwa kuoshwa na dizeli. Ukirudisha kipozaoili cha zamani kwenye injini mpya, unga unarudi kwenye beringi mpya. Asiyetaka kukinunua, kazi yake siifungi. Bomba la kunyonya oili la EJ nalo hupasuka kwenye maungio, kwa hiyo nalo ni jipya.

Kama hesabu hiyo inakulemea, nakushauri ujenge injini kwa spea za kiwandani, vipimo sahihi na busti ya kiwandani. Gari la mtu anayekwenda kazini na kurudi halihitaji kingine.

Mengine nayapitia haraka. Injini ya ex-Japan si lazima iwe na kilomita chache. Bila kuipima mgandamizo na kutoa sampu, unanunua hadithi ya muuzaji. Oili nzito haitibu beringi iliyolika, inazima sauti kwa wiki chache, na uzito wa oili huchaguliwa kwa nafasi iliyoachwa wakati wa kufunga. Filta ya wazi isiyo na sanduku, kwa vumbi letu la Njoro na Bahati, inasaga ringi. Blowofu (valvu inayoachia busti unapoacha kukanyaga) inayotoa hewa nje haiongezi nguvu; kwenye Subaru yenye kipimahewa inaifanya kompyuta imwage petroli ya hewa ambayo imeshatoka.

Dhana: injini mpya iachwe ingurume bila mzigo hadi izoee

Ringi hukaa kwa mzigo. Ukiiacha ingurume uani asubuhi nzima, kuta za silinda zinalainika kama kioo na injini itakunywa oili maisha yake yote. Ikishawaka na kupata joto, bila kuvuja popote, naitoa barabarani kwa gia ya tatu, nakanyaga kiasi, naachia irudi kwa breki ya injini, narudia, busti ikiwa chini. Oili hiyo ya kwanza ni ya madini, si sinthetiki, na naimwaga siku ileile. Filta naikata, naitandaza karatasi yake mezani na kuikagua kwa taa, mwenye gari akiwa amesimama hapo hapo, kabla sijampa ufunguo.