Ralph Kirkpatrick: dhana potofu kuhusu mpiga hapsikodi aliyekuwa pia mtafiti

Ukikuta herufi K na namba baada ya jina la sonata ya Domenico Scarlatti, mtunzi Mwitalia wa karne ya 18, K hiyo ni ya Ralph Kirkpatrick (1911–1984), Mmarekani aliyepiga hapsikodi (kinanda cha nyuzi) jukwaani na kufundisha Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1940 hadi 1976. Maisha yake ya kazi yanasahihisha mambo kadhaa ambayo watu huyaamini kuhusu fani hii.

Dhana: Utafiti ni kazi ya mpigaji aliyeshindwa au aliyestaafu.

Kirkpatrick alifanya yote mawili tangu ujanani. Alihitimu Harvard mwaka 1931, kisha akaenda Paris kusoma kwa Wanda Landowska na Nadia Boulanger. Mwaka 1938 alitoa chapisho lake la Goldberg Variations za Bach, lenye maelezo marefu ya namna ya kupiga mapambo ya noti. Kitabu chake juu ya Scarlatti kilimchukua zaidi ya miaka 10, kikatoka 1953, na muda wote huo matamasha hayakukoma. Wala hakubaki kwenye karne ya 18 tu: mwaka 1961 yeye na Charles Rosen walikuwa wapigaji wa kwanza wa konseto ya mtunzi Elliott Carter ya hapsikodi na piano.

Dhana: Hapsikodi ni piano ya zamani, anayeweza piano anaiweza.

Piano hugonga uzi kwa nyundo, hapsikodi huudonoa. Ukibonyeza, kijiti kilichosimama nyuma ya kibonyezo hupanda, na ncha yake ya unyoya, ngozi au plastiki hukwanyua uzi. Ukiachia, kijiti hushuka na kipande cha kitambaa kizito hunyamazisha sauti. Anayetoka kwenye piano hukosea hapa: hutumia uzito wa mkono ili sauti ikue, lakini sauti karibu haibadiliki, kinachoongezeka ni mgongano wa mbao. Bonyeza polepole hadi usikie ncha ikigusa uzi, kisha malizia kwa kidole peke yake. Mkazo hupatikana kwa muda: acha ukimya mfupi kabla ya noti muhimu, icheleweshe kidogo, au tawanya akodi (noti kadhaa za pamoja) badala ya kuipiga kwa mara moja. Pedali ya kurefusha sauti hakuna, kwa hiyo noti inayotakiwa kudumu ishikiliwe na kidole chenyewe.

Klavikodi nayo ni chombo kingine kabisa. Kipande cha shaba hugusa uzi moja kwa moja, na nguvu ya kidole hubadilisha sauti, ingawa ni sauti ndogo sana. Kirkpatrick alirekodi Well-Tempered Clavier ya Bach kwa klavikodi, na tena kwa hapsikodi. Kusikiliza rekodi hizo mbili kwa zamu hufundisha kuliko maelezo mengi.

Dhana: Noti zilizochapishwa ndizo alizoandika mtunzi.

Hapa ndipo mpigaji anapomhitaji mtafiti aliye ndani yake. Hakuna sonata ya kinanda ya Scarlatti inayojulikana kubaki kwa mwandiko wake mwenyewe. Tulizonazo ni sonata 30 zilizochapishwa 1738, na nakala za wanakili, hasa mikusanyo miwili mikubwa: mmoja uko Venice, mwingine Parma. Mhariri Alessandro Longo alipozichapisha kuanzia 1906, alizipanga upya katika makundi ya tano tano, akaongeza alama za sauti kubwa na ndogo, na akalainisha akodi nyingi zilizomkwaruza sikio. Akodi hizo kali, kama zile za K. 119, ni za makusudi.

Kwa kuwa chapa ya Longo ni ya zamani na inapatikana bure mtandaoni, wanafunzi wengi huanzia huko. Itumie, lakini futa kwanza mistari ya kuunganisha noti na alama za sauti, kisha linganisha kila akodi na picha za miswada, ambazo Kirkpatrick alizichapisha kwa juzuu 18 mwaka 1972.

Dhana: Scarlatti hakuijua piano.

Orodha ya mali ya malkia María Bárbara wa Hispania, mwanafunzi wake, inataja piano zilizotengenezwa Florence. Mbili kati yake zilikuwa zimegeuzwa kuwa hapsikodi.

Dhana: Namba za K zinaonyesha sonata ipi ilitungwa kwanza.

Kirkpatrick alihesabu sonata 555 na kuzipanga kwa kufuata umri wa vyanzo, akiamini kwamba nyingi ni za uzeeni. Hoja hiyo ina udhaifu: juzuu 13 za Venice zimeandikwa miaka ya 1752 hadi 1757, lakini mwaka wa kunakili si mwaka wa kutunga. Ninaona namba zake zinabaki kuwa bora kwa sababu nyingine. Zinarudisha pamoja sonata ambazo miswada imeziweka jirani katika ufunguo mmoja, na ambazo Longo alizitenganisha. K. 380, ambayo kwa Longo ni L. 23, inafuatwa na K. 381, zote za ufunguo wa E meja. Zipige mfululizo, bila kusimama kati yake.